Nia ya Misa ni nini, hata jina la marehemu lisiposomwa?

Misa ya kwanza ya Jumapili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mama kavaa kitenge kilekile cha msiba wa mwaka jana, wajukuu wamejaa benchi la tatu. Zinasomwa nia: marehemu huyu, shukrani ya yule, mgonjwa fulani. Jina la marehemu baba halimo. Mama hasemi kitu, ananiangalia tu, maana mimi ndiye niliyepeleka bahasha ofisini.

Nilitoka nimenuna, nikaapa sitatoa nia pale tena. Hasira ilipungua nilipoelewa neno lenyewe.

Nia ya Misa si tangazo. Ni kusudi analoweka padre: Misa hii naitolea kwa ajili ya fulani. Kusoma jina ni desturi inayofariji, lakini lisiposomwa Misa haipungukiwi kitu. Tena wengi hatujui kwamba jina laweza kusomwa na Misa yenyewe ikawa ya nia nyingine. Kila Jumapili na sikukuu za amri, paroko, yaani padre msimamizi wa parokia, anawajibika kutolea Misa moja kwa ajili ya waamini wake wote (kanuni 534 ya Sheria ya Kanisa). Penye padre mmoja na Misa moja ya Jumapili, marehemu wenu hapo anatajwa tu. Misa yake itakuwa siku nyingine, pengine Jumanne alfajiri mbele ya masista watatu na bibi mmoja.

Kile cha kwenye bahasha ni sadaka, si bei, ingawa kiasi hupangwa na maaskofu. Sheria ya Kanisa ya 1983 inadai kila sadaka, hata iwe ndogo, iwe na Misa yake. Padre akiadhimisha Misa tatu kwa siku anabaki na sadaka moja, isipokuwa Krismasi. Asiye na kitu naye aombewe. Kanuni 945 inawahimiza mapadre wafanye hivyo. Kuunganisha nia nyingi katika Misa moja ndiko kunakoleta manung'uniko mengi: amri ya Vatikano ya Aprili 2025 inaruhusu pale tu maaskofu wa eneo walipokubali, na watoaji wawe wamejulishwa na kuridhia kwa hiari.

Basi ukiumizwa, usimvamie padre sakristia anavua kasula, vazi lake la Misa. Nenda ofisini siku ya kazi: "Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, naomba kujua nia ya marehemu baba yetu imepangiwa lini." Swali hilo lina jibu la maandishi, kwa sababu kila parokia lazima iwe na kitabu cha nia, na askofu au mwakilishi wake hukikagua kila mwaka. Nia haikai zaidi ya mwaka bila kuadhimishwa. Ukizungushwa mara mbili tatu, dekano, padre anayesimamia parokia za jirani, yupo, na ofisi ya askofu ipo.

Kwangu, karani alishuka na rula mstari kwa mstari mpaka akamfikia mzee. Alikuwa ameandikwa Jumatano, si Jumapili, na Misa ilikwishaadhimishwa. Nilimpelekea mama habari nikidhani nimemaliza kazi. Akauliza, "Jina lake walilitaja lote, na la ukoo?"

Nikarudi ofisini na bahasha ya pili. Safari hii niliandika kwa herufi kubwa.