Kete 64 za Mweso: Dhana Potofu Kuhusu Kumsaidia Mwenzako Anayeandika Programu kwa Bloku

Jumamosi moja, katika chumba cha kompyuta cha shule ninakofundisha hapa Arua, Uganda, mvulana wa kidato cha pili aliinua mkono na kusema, "Mwalimu, kete zangu zinapotea." Alikuwa akitengeneza mweso, mchezo wa jamii ya bao, kwa Scratch, ile programu ya kuunganisha bloku za rangi badala ya kuandika maagizo kwa herufi. Anayeujua mweso anajua kwamba ubao wake una mashimo 32, yaani safu nne za mashimo manane manane, na kwamba kete ni 64, kila mchezaji akianza na 32 katika mashimo 16 ya upande wake. Kete zinazotekwa hazitolewi nje, bali hupandwa tena upande wa aliyezichukua, kwa hiyo tangu mchezo uanze hadi umalizike ubaoni lazima ziwe 64. Zake zilikuwa 61.

Kabla sijamfikia, jirani yake alikwisha kuivuta kibodi, akachomoa bloku mbili, akapachika nyingine, na kete zikaacha kupotea. Nilimsifu mbele ya wenzake. Wiki iliyofuata mwenye mchezo alipoandika upande wa mchezaji wa pili, kete zilianza kupotea upya, naye hakujua hata aanzie wapi kutafuta. Ndipo nilipoona kwamba sifa zangu zilikuwa za haraka, na kwamba mengi tunayoyaamini kuhusu kusaidiana katika kazi hii, darasani au kwa wenzetu wa mbali tunaokutana nao mtandaoni, yanahitaji kupimwa upya.

Dhana: Msaada bora ni kumpa mwenzako jibu lililokamilika

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na inaonekana kama ukarimu. Tuitazame kwa karibu kupitia kete zile zile. Mvulana alikuwa ameweka mashimo yake 16 katika orodha yenye nafasi 16. Ili kusogea kutoka shimo moja hadi linalofuata, aliongeza 1 kwenye namba ya shimo, kisha akachukua baki ya kugawanya kwa 16, ili akifika mwisho azunguke na kurudi mwanzo. Wazo ni zuri. Lakini ukiwa katika shimo la 15, ukiongeza 1 unapata 16, na baki ya 16 kwa 16 ni sifuri. Orodha za Scratch huanza kuhesabiwa kwenye 1, na nafasi ya sifuri haipo. Bloku ikiambiwa ibadilishe kilichomo katika nafasi isiyokuwepo, haipigi kelele wala haioneshi onyo lolote, bali inapita kimya kimya kana kwamba kazi imefanyika. Kila mara mkono wa mchezaji ulipopita mahali pa shimo la 16, kete moja ilianguka hewani.

Dawa yake ni kubadilisha mpangilio: chukua baki kwanza, kisha uongeze 1. Kutoka 15 utapata 16, na kutoka 16 utapata 1. Jirani alifanya hivyo hasa, na alifanya sawasawa. Tatizo ni kwamba mwenye mchezo aliona bloku zikihamishwa bila kuona sababu, kwa hiyo upande wa pili aliandika tena kanuni yake ya zamani.

Ukweli ni kwamba maswali mawili yangemfaa zaidi: "Baada ya kila zamu, jumla ya kete ni ngapi?" na "Jumla hiyo inapungua unapopita shimo gani?" La kwanza linamfanya atengeneze kihesabio kidogo kinachojumlisha orodha za wachezaji wote wawili na kuonesha jibu jukwaani, yaani sehemu ya skrini ambako mchezo unaonekana. La pili linamwongoza hadi kwenye shimo la 16, na akifika hapo, sifuri ataiona mwenyewe. Sikatai kwamba wakati mwingine jibu lenyewe hutolewa, hasa mtu anapokuwa amehangaika siku mbili na anakaribia kuacha kabisa. Hata hapo, jibu liambatane na sababu yake.

Dhana: Anayejua Python au Java ndiye anayefaa kuwasaidia watu wa bloku

Kijana mmoja wa chuo aliyetutembelea aliitazama kanuni ile ya mwanzo, ya kuongeza 1 kisha kuchukua baki, akasema haina kosa lolote. Kwa Python, lugha ya programu inayoandikwa kwa herufi, alikuwa na haki, kwa kuwa orodha za Python huanza kwenye sifuri na kanuni hiyo huzunguka vizuri kabisa. Ujuzi wake ulikuwa wa kweli, ila ulikuwa wa nyumba nyingine.

Nyuma ya dhana hii imejificha nyingine, kwamba bloku ni mchezo wa watoto ambao mtu mzima huuelewa kwa kutupa jicho tu. LabVIEW, ambayo wahandisi na watafiti huunganisha kazi zake kwa nyaya zinazochorwa kwenye skrini, ilitoka mwaka 1986. Snap!, lugha nyingine ya bloku iliyotokana na wazo la Scratch na kulelewa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, humruhusu mwandishi ahifadhi kikundi kizima cha maagizo ndani ya orodha na kukipitisha kama thamani, jambo linalowatoa jasho hata wanafunzi wa chuo. Scratch yenyewe, iliyotolewa na MIT Media Lab mwaka 2007, inakuzuia kukosea tahajia ya maagizo, kwa maana bloku zisizoendana hazishikani, lakini haikuzuii kukosea mantiki. Msaidizi anayetoka katika lugha za maandishi anakaribishwa sana, mradi kwanza auendeshe mradi kwa mikono yake kabla ya kutoa hukumu.

Dhana: Picha ya skrini inatosha kueleza tatizo

Picha ni rahisi kutuma kwa simu, ndiyo maana wengi huanzia hapo. Hata hivyo, mambo muhimu hayamo ndani yake. Chukua mchezo wa bodaboda inayokwepa mashimo ya barabarani, ambao kila mwaka wanafunzi wangu wawili watatu huutengeneza. Mashimo hutengenezwa kwa kloni, yaani nakala za mhusika mmoja, na kila moja inatakiwa iwe na kasi yake. Mwanafunzi anaunda kigeu, yaani chombo cha kuhifadhia thamani, kiitwacho "kasi" na kuacha chaguo la kwamba kitumiwe na wahusika wote, badala ya kuchagua kwamba kiwe cha mhusika huyu peke yake. Matokeo yake ni kwamba kila kloni mpya inapojiwekea kasi, inabadilisha kasi ya zote, na mashimo yote huteremka kwa pamoja kama gwaride. Kwenye picha, bloku ya kigeu cha wote na ya kigeu cha mhusika mmoja zinafanana kabisa. Msaidizi anaweza kuikodolea macho picha hiyo hadi jioni asipate kitu.

Kwa hiyo tuma faili lenyewe. Wanaohofia bando wajue kwamba faili la mradi wa Scratch 3 ni furushi lililobanwa, ambalo ndani yake bloku ni maandishi matupu yasiyo na uzito wa kutisha. Kinacholemea ni sauti na picha. Tengeneza nakala, futa wimbo wa dakika nne ulioupachika, ondoa mandhari zisizohusika, kisha endelea kupunguza wahusika mpaka kibaki kile kidogo ambacho bado kinaonesha kosa. Kazi hiyo ya kupunguza ina faida ambayo watu hawaitarajii: mara nyingi mwenye mradi hulikuta kosa akiwa katikati ya kupunguza, na ombi la msaada halitumwi kamwe.

Dhana: Ikiwa kwangu inafanya kazi, basi tatizo ni lako

"Kwangu inafanya kazi" ni taarifa nzuri, ila si jibu. Kompyuta nyingi za shule zetu ni za mitumba. Kwa kawaida Scratch huzungusha kitanzi, yaani maagizo yanayorudiwa, chenye mwendo mara 30 kwa sekunde. Bodaboda inayosogea hatua 4 kila mzunguko hutembea hatua 120 kwa sekunde, na jukwaa lenye upana wa 480 huvukwa kwa sekunde 4. Kompyuta iliyochoka ikiweza mizunguko 15 tu, safari hiyo hiyo huchukua sekunde 8, huku saa ya mchezo, inayofuata sekunde za kweli, ikiendelea kukimbia. Mchezaji wa Kampala mwenye mashine mpya anashinda kwa raha, na wa huku anaishiwa muda njiani. Mchezo una kosa ambalo linaonekana upande mmoja tu, na dawa yake ni kupima muda uliopita tangu mzunguko uliotangulia na kuzidisha kasi kwa muda huo. Msaidizi asiyeuliza aina ya kompyuta hatalijua hilo.

Dhana: Bila Kiingereza huwezi kusaidia wala kusaidiwa

Kiswahili kimo katika orodha ya lugha za Scratch, na kubadilisha lugha ni kubofya mara mbili tu. Jambo ambalo wachache wanalifahamu ni kwamba ndani ya faili bloku hazihifadhiwi kwa maneno unayoyasoma, bali kwa majina ya ndani yasiyobadilika. Mradi uliotengenezwa hapa kwa Kiswahili ukifunguliwa Brazili utasomeka kwa Kireno, na ukirudi utasomeka tena kwa Kiswahili. Yasiyotafsiriwa ni yale uliyoyaandika mwenyewe: majina ya vigeu, ya ujumbe na ya wahusika, pamoja na maelezo ya pembeni. Kigeu kiitwacho "x2b" ni fumbo katika lugha zote. Kikiitwa "kete mkononi", hata Mbrazili ataweza kukitafuta kwenye kamusi. Hapa kwetu, ambako darasa moja lina Walugbara, Waaluri, Wakakwa na waliovuka kutoka Kongo, naona Kiswahili kinarahisisha mazungumzo kuliko Kiingereza cha vitabuni, ingawa wapo walimu wenzangu wasiokubaliana nami.

Dhana: Mradi uliowekwa hadharani hauna mwenyewe

Miradi inayowekwa hadharani kwenye tovuti ya Scratch hutolewa chini ya leseni ya Creative Commons inayoruhusu kuichukua, kuibadilisha na kuitoa upya, kwa masharti kwamba umtaje aliyetangulia na utoe kazi yako kwa masharti yale yale. Kwa hiyo si wizi kuchukua, na si halali kunyamaza. Tovuti yenyewe huonesha mradi wa asili, lakini mtu akikupa kipande cha bloku kupitia simu hakuna mashine itakayomtaja kwa niaba yako, hivyo jina lake la mtandaoni liandikwe katika maelezo ya mradi. Jina lake la kweli, shule yake na namba ya simu, hasa akiwa mtoto, visiandikwe.

Dhana: Mpaka uwe bingwa ndipo usaidie

Msichana aliyekuwa na wiki tatu tu katika klabu yetu ndiye aliyelimaliza tatizo la mashimo yanayoteremka kama gwaride. Mwenye mchezo alipomaliza kueleza, alimwuliza, "Kaka, ulipounda kigeu hiki, ulichagua kiwe cha nani?" Hakuwa amesoma popote. Alikuwa ameteseka na jambo hilo hilo Jumamosi iliyopita katika mchezo wake wa samaki wa Mto Nile, na uchungu wake ulikuwa bado mbichi. Mimi, niliyelikosea kosa hilo miaka mingi nyuma, nilikuwa nimekwisha kuanza kuichunguza bloku ya kasi upande wa pili wa skrini.