Ini likiugua, usiamini sukari ya asubuhi

Mgonjwa wa sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, anakuja na majibu mazuri: sukari kabla ya kula 5.4 (mmol/L), HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu, asilimia 5.6. Mtu mwingine ningemruhusu aende nyumbani. Huyu simruhusu, kwa sababu saa mbili baada ya ugali wake sukari inaweza kuwa imefika 12 au 13, na vipimo vyote viwili vimeshindwa kuiona.

Insulini ikitoka kwenye kongosho haiendi moja kwa moja mwilini. Hupitia ini kwanza, na ini lenye afya hukamata karibu nusu yake pale pale. Kwenye sirosisi seli za kuikamata zimepungua. Isitoshe, damu inayoshindwa kupenya makovu hujitafutia njia za panya kupitia mishipa ya umio na ya tumbo, ile ile inayopasuka mgonjwa akatapika damu. Insulini inapita humo na kuingia mwilini bila kuguswa. Ikikaa juu usiku na mchana, misuli huizoea na kuacha kuiitikia, ndio usugu wa insulini. Ukipima na C-peptidi, ambayo kongosho huitoa sambamba na insulini lakini husafishwa zaidi na figo, utakuta insulini imepanda kuliko mwenzake. Ndiyo maana HOMA-IR, hesabu ya kukadiria usugu kutokana na sukari na insulini ya kabla ya kula, kwa mgonjwa huyu naisoma kwa mashaka: inachanganya usugu na usafishaji mbovu.

Homoni nyingine nazo zinasukuma upande huo huo. Glukagoni, homoni inayopandisha sukari, huongezeka. Homoni ya ukuaji hupanda pia, kwa kuwa ini ndilo linalotengeneza sehemu kubwa ya IGF-1 (homoni inayotokana na amri ya homoni ya ukuaji) iliyo kwenye damu, na IGF-1 ndiyo inayoiambia tezi ya pituitari kwamba inatosha. Breki ikikosekana, mafuta yanayeyushwa mfululizo na misuli inaacha kutumia glukosi. Kwa wanaume testosteroni hushuka, matiti yakavimba (vidonge vya spironolaktoni, vya kutoa maji ya tumbo, huongezea tatizo hilo), na misuli ikaisha. Misuli ndiyo ghala kuu la glukosi baada ya mlo, kwa hiyo ikisinyaa sukari haina pa kwenda.

Basi kwa nini asubuhi sukari ni nzuri? Kwa sababu akiba ya glaikojeni (sukari iliyohifadhiwa) kwenye ini ni ndogo, hakuna cha kutosha kumwaga usiku. Na HbA1c inashuka kwa uongo: bandama iliyovimba huharibu chembe nyekundu kabla ya siku zake 120, hazipati muda wa kushika sukari. Hili linawahusu hata wenye kichocho cha tumbo kando ya Ziwa Victoria, ambao seli za ini lao mara nyingi bado zinafanya kazi lakini bandama ni kubwa. Fruktosamini, kipimo cha sukari iliyoshikana na protini za damu, nayo hainisaidii, maana hutegemea albumini, protini inayotengenezwa na ini, ambayo imeshuka.

Kinachobaki ni kipimo cha kunywa glukosi. Siku tatu kabla yake mgonjwa ale wanga kama kawaida, angalau gramu 150 kwa siku. Afunge saa 8 au zaidi, atolewe damu, kisha anywe gramu 75 za glukosi kwenye mililita 250 hadi 300 za maji ndani ya dakika 5. Akae, asivute sigara, atolewe damu tena dakika ya 120. Kuanzia 7.8 hadi 11.0 sukari haijakaa sawa, 11.1 kwenda juu ni kisukari. Kosa ninalolikuta sana ni la maabara: damu inawekwa kwenye chupa isiyo na floraidi na kusubiri mezani, chembe zinaila glukosi, jibu linashuka. Dai chupa yenye kifuniko cha kijivu. Mashine ya kidole inafaa kufuatilia saa mbili baada ya mlo, ila kwa mwenye upungufu mkubwa wa damu huelekea kusoma juu kuliko ukweli.

Kwenye chakula, ushauri wa kawaida wa kisukari unaweza kumwumiza. Kuambiwa "usile usiku" ni hatari hapa: usiku mmoja bila chakula kwa mwenye sirosisi ni sawa na siku mbili tatu za njaa kwa mtu mzima wa afya, na mwili hujilisha misuli. Kabla ya kulala apate angalau gramu 50 za wanga, mfano viazi vitamu vya kuchemsha robo kilo hivi. Protini iwe gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 60 anahitaji 72 hadi 90 kwa siku, kutoka maharage, mayai, maziwa, dagaa. Ng'onda aache kama tumbo limejaa maji.

Kwenye dawa za kisukari, metformini inafaa ini likiwa bado linajimudu na figo ni nzima. Tumbo likijaa maji au akili ikianza kuvurugika, tunaiacha na kwenda kwenye insulini. Glibenklamidi siipendi kabisa: hushusha sukari kwa saa nyingi, na ini halina akiba ya kuipandisha. Propranololi, anayopewa kuzuia kutapika damu, huficha mtetemeko na mapigo ya moyo. Jasho tu ndilo linabaki kama dalili. Kwa hiyo akichanganyikiwa, pima sukari kwanza kabla ya kusema ni ini. Ikiwa chini na anameza vizuri, vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji. Akizimia usimmiminie kitu mdomoni. Anahitaji dekstrosi ya mshipa hospitalini, kwa kuwa sindano ya glukagoni inategemea akiba ambayo haipo.

Na kiasi cha insulini anachohitaji mgonjwa kikianza kupungua bila yeye kubadili mlo, familia hudhani kisukari kinapona. Kama hajatoka kutibiwa homa ya ini C, ambayo ikipona kweli usugu hupungua, mimi naagiza bilirubini, INR (kipimo cha kuganda kwa damu) na kreatinini siku hiyo hiyo, kuona kama ini au figo zinazidi kushindwa.