In Rainbows haikugawiwa bure

Mazungumzo kuhusu muziki wa mtandaoni yakifika kwa Radiohead, hakosi mtu wa kusema kwamba bendi hiyo ya Uingereza iligawa bure albamu yake ya saba, In Rainbows. Sivyo hasa.

Tarehe 10 Oktoba 2007 albamu ilitoka kwenye tovuti ya bendi, na mnunuzi akaachiwa apange bei mwenyewe. Sifuri ilikubaliwa, na wengi waliiandika. Lakini wapo waliolipa, na pembeni kulikuwa na sanduku la pauni 40 lenye santuri, CD mbili na picha. Hilo halikuwa na maelewano ya bei. Mafaili yenyewe yalikuwa ya kilobiti 160 kwa sekunde, ubora ulio chini ya CD, na mashabiki wenye masikio makali walinung'unika. Desemba mpango ukafungwa. CD ilipoingia madukani ikashika namba moja Uingereza na Marekani, ingawa karibu kila aliyeitaka alikuwa ameshaweza kuipata bila senti.

Wengine huongeza kwamba bendi iliiasi kampuni yake ya rekodi. Ipi? Mkataba na kampuni ya EMI ulikwisha baada ya albamu ya Hail to the Thief ya 2003. Na CD ya In Rainbows, kule Uingereza, ilitolewa na kampuni vilevile: XL Recordings. Nionavyo, lilikuwa jaribio la kibiashara, tena la werevu. Albamu iliyofuata, ya 2011, waliiuza mtandaoni kwa bei waliyoipanga wao.