Vumbi la kiangazi, moshi wa kipupwe: hewa chafu haina msimu mmoja

“Kinachoumiza ni vumbi la barabarani”

Vumbi linakera kweli. Daladala ikipita kwenye barabara isiyo na lami, kila mtu hufunika pua na aliyeanika nguo hulaani. Lakini chembe hizo nyingi ni nene: nzito huanguka mapema, na nyingine hunaswa puani na kooni. Zinazofika ndani kabisa ya mapafu ni zile zisizozidi maikromita 2.5, ilhali unywele wa binadamu una unene wa maikromita 50 hadi 70 hivi. Hizo hutoka zaidi kwenye kinachoungua: mkaa, kuni, taka, dizeli, nyasi. Jicho haliwezi kuiona hata moja.

“Hewa chafu ya mji hutengenezwa mjini”

Kaskazini mwa Rwanda, juu ya mlima Mugogo, kuna kituo cha kupima hewa kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,500, mbali na foleni za Kigali. Kama moshi ungekuwa wa mji tu, huko juu hali ingekuwa ileile mwaka mzima. Sivyo. Masizi hupanda mara mbili kwa mwaka, Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti, kisha hushuka mvua zikishika.

Na moshi wa vipindi hivyo viwili hautoki upande mmoja. Desemba hadi Februari nyika zinazoungua ziko kaskazini: Sudan Kusini, Jamhuri ya Afrika ya Kati na majirani zao. Kuanzia katikati ya mwaka moto huwa umehamia kusini, Tanzania, Zambia, kusini mwa Kongo na Angola, ambako wakulima husafisha mashamba na wafugaji huchoma nyasi kuukuu ili majani mapya yaote. Upepo hufanya kazi iliyobaki. Anayekohoa Kigali mwezi Julai huenda anavuta pia nyasi za nchi ambayo hajawahi kuikanyaga.

Sisemi magari na mkaa havina hatia. Vipo mwaka mzima, na ndivyo mji unavyoweza kuvidhibiti. Ila kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2021, mikrogramu 5 za chembe hizo ndogo kwa kila mita ya ujazo ya hewa, ni wastani wa mwaka. Anayepima Aprili peke yake na kutangaza kwamba mji wake ni salama anajidanganya.

“Asubuhi na mapema ndiyo hewa safi”

Hii wakimbiaji hawataki kuisikia. Usiku wa kiangazi usio na mawingu, ardhi hupoa haraka. Hewa baridi hutuama chini na yenye joto kidogo hukaa juu yake kama kifuniko cha sufuria. Moshi wa majiko na wa foleni ya alfajiri hukosa pa kwenda mpaka jua lipashe ardhi. Saa moja asubuhi kando ya barabara kuu si mahali pa kuvuta pumzi ndefu.

“Pwani tuna upepo wa bahari”

Mnao, na kusi ikivuma hutawanya mengi. Upepo huohuo huleta chembe za chumvi, ambazo nazo huhesabiwa kwenye vipimo ingawa si za kuogopwa kama masizi. Lakini jirani akichoma taka uani, moshi hukufikia kabla upepo haujautawanya.

“Mvua ikinyesha, hewa imeoshwa”

Nusu yake ni kweli. Masika hulaza vumbi na kuzima moto wa nyika, na mvua za siku nyingi huondoa chembe nyingi. Manyunyu ya nusu saa ni jambo jingine: tone linaposhuka husukuma hewa pembeni, na chembe ndogo za masizi huweza kuponyoka pamoja na hewa hiyo bila kuguswa.

Halafu kuna jiko. Kiangazi mtu hupikia uani. Mvua ikianza, mafiga huhamia kwenye kijumba chenye mlango uliorudishwa, na kuni zimelowa. Kuni mbichi hufuka kabla ya kuwaka. Kipimo kilichofungwa kwenye nguzo barabarani kitaonyesha hewa nzuri siku hiyo, huku mpishi na mtoto aliye mgongoni wakifuta machozi ya moshi.