Acheni kufyeka sangari kabla ya kuipiga dawa

Wiki hii tena. Ujumbe wa sauti kutoka kwa mteja wa Kiamunyi, hapa Nakuru: "Fundi, nimekurahisishia kazi. Kijana amefyeka sangari yote mpaka udongo unaonekana. Wewe njoo na pampu tu." Halafu kimya kidogo, anangoja shukrani.

Mama, sikuji. Nitakuja mvua ikishanyesha vya kutosha na sangari, hili gugu la jamii ya nyasi linalotambaa chini ya ardhi, ikiwa imerudisha majani marefu kama kiganja chako. Hadi hapo ukinilipa nipulizie, unanilipa niloweshe vumbi.

Sijui nani aliwafundisha watu wa Nakuru kufyeka kwanza, lakini alifundisha vizuri, maana kila mtaa wanajua. Hoja yenyewe husikika ya maana: adui yuko chini, basi ondoa majani yanayoziba njia, mwaga dawa, ishuke mizizini. Shida ni kwamba dawa mnayoinunua, glaifoseti, haifanyi kazi kwa njia hiyo hata kidogo. Ikigusa udongo inanata kwenye chembe zake, hasa za mfinyanzi, na nguvu yake inaishia hapo. Ndiyo maana unaweza kupanda mahindi siku chache baada ya kupiga dawa shambani na yakaota bila wasiwasi. Mlango wa dawa hii ni jani la kijani. Inaingia kwenye jani, inachukuliwa na sukari ambayo jani limetengeneza, inashuka nayo hadi kwenye yale mashina meupe yanayotambaa chini ya ardhi, na huko inazuia kimeng'enya ambacho mmea unakitegemea kutengeneza baadhi ya asidi amino. Mmea hauungui. Unadhoofika polepole mpaka unakufa. Sukari ndiyo matatu, jani ndilo stendi. Ukibomoa stendi, usiulize kwa nini abiria hawakufika.

Kuna sehemu ya pili ambayo hata mafundi wenzangu wanairuka, nayo ndiyo inayoniudhi zaidi. Watu wakishaelewa habari ya jani, wanangoja siku tano, wanaona ncha za kijani zimechomoza, wanasema "majani hayo, piga!" Hapana. Sangari iliyofyekwa haina chakula juu, kwa hiyo inavuta akiba kutoka chini ili itengeneze majani mapya. Siku hizo safari ni ya kupanda. Ukipiga dawa wakati huo, sehemu kubwa inabaki kwenye majani machanga yale yale. Yatakauka, utafurahi, na mashina ya chini yatachipua kwingine. Lazima ungoje majani yakomae kiasi cha kutengeneza chakula cha ziada na kuanza kukishusha. Sentimita 10 hadi 15 hivi, rangi ya kijani iliyokolea, udongo una unyevu, mmea unakua kwa bidii. Wateja wangu wengine huwaambia wamwagilie maji na hata watie mbolea kidogo ya CAN kwanza. Nikimwambia mtu aipe sangari mbolea, ananitazama kama nimetumwa na jirani yake.

Kwa sababu hiyo hiyo, Januari na Februari si wakati wa kazi hii hapa kwetu. Nyasi zimekauka, hazikui, hazishushi kitu. Tena kuna vumbi. Udongo wa Nakuru ni wa volkano, mwepesi kama majivu, na ukiwa karibu na barabara ya murram kila jani lina koti. Dawa inanata kwenye vumbi kabla haijaligusa jani. Kama ni lazima, osha majani kwa mpira wa maji jioni, piga asubuhi umande ukishakauka. Na maji ya kuchanganyia yawe safi. Nimekuta watu wakichota maji ya mtaroni yenye rangi ya chai ya maziwa, wanatia humo dawa ya pesa nyingi, halafu jioni wanaandika mtandaoni kwamba agroveti wa mjini wanauza feki. Dawa feki zipo, sikatai. Nunua chupa yenye lakiri na lebo yenye namba ya usajili ya bodi ya kudhibiti dawa za wadudu, ile PCPB. Lakini kesi nyingi za "feki" ninazoitiwa ni tope.

Piga asubuhi pia kwa ajili ya mvua. Dawa inahitaji saa sita hivi bila kuoshwa, na mvua zetu hupenda mchana kuelekea jioni. Kisumu ni vivyo hivyo, wingu la ziwani huja jioni likiwa na haraka.

Kipimo: soma lebo. Ukizidisha ukidhani utaiua mara mbili, unaweza kuunguza jani upesi mno likashindwa kusafirisha chochote. Hapo ndipo nawaona na wale wanaosifia dawa inayokausha nyasi "kesho yake asubuhi". Hiyo ni ya kuunguza, mara nyingi parakwati, inaua inachokigusa tu na kuacha yaliyo chini yakicheka. Isitoshe, parakwati ni sumu isiyo na dawa ya kuitibu, na funda moja linaweza kuua mtu mzima. Sitaki kuiona kwenye nyumba yenye watoto. Glaifoseti huchukua wiki moja hadi mbili kuonyesha unjano. Subiri, na usiruhusu mtu apite na mashine ya kukata nyasi katika kipindi hicho.

Sasa swali linalokuja kila mara: "Si kuna ile ya kuchagua, inaua gugu inaacha nyasi?" Ipo, 2,4-D, na inaua magugu ya majani mapana. Sangari ni nyasi. Kikuyu grass, ile tunayoipanda uwanjani, ni nyasi. Dawa hiyo inaziona zote mbili kuwa ndugu na inazipita salama. Glaifoseti nayo inaziona zote kuwa ndugu na inazizika pamoja. Kwa mwenye nyumba, hakuna chupa dukani itakayotenganisha hizo mbili, na anayekuuzia moja kwa jina hilo anakuuzia jina.

Kwa hiyo kwanza hakikisha ni sangari. Chimbua kipande. Mashina meupe, magumu, yenye magamba na ncha kali inayoweza kutoboa kiazi: ndiyo. Ukilisokota shina la juu kwa vidole ukahisi pembe tatu, hiyo ni ndago, si nyasi kabisa, ina vijinundu chini, na maelezo haya hayakutoshi. Kati ya sangari na ile nyasi ya vidole vinavyotoka sehemu moja mithili ya mkono, hata mimi kabla hazijatoa maua huwa nasitasita. Bahati nzuri dawa yake ni ile ile.

Kama sangari imekula zaidi ya nusu ya uwanja, usijibembeleze. Ua vyote, uanze upya. Piga, ngoja ife, mwagilia, ngoja zile zilizobaki zichipue na zipate majani, piga tena. Kati ya duru hizo mbili kuna mwezi au mwezi na nusu wa kuishi na uwanja mbaya, na hapo ndipo wateja wengi hunikimbia. Wanapanda nyasi mpya baada ya duru ya kwanza kwa sababu wageni wanakuja, na wanapanda juu ya sangari iliyolala.

Kama ni madoa machache, tumia sifongo. Acha uwanja bila kukatwa kwa siku kadhaa, sangari husimama juu ya Kikuyu iliyolala. Vaa glavu ya mpira, na juu yake sifongo au glavu ya kitambaa iliyochovywa dawa ikakamuliwa isidondoke, kisha paka majani ya sangari peke yake. Kisumu, ambako wengi wamepanda nyasi za Pemba zenye majani mapana, sangari inaonekana kwa urahisi zaidi, kazi inaenda haraka. Ni kazi ya kuinama. Vijana wangu wanaichukia.

Jembe? Kwa eneo la ukubwa wa mkeka, kwa fokojembe, wakati wa kiangazi, ukiokota kila kipande kwa mkono na kukianika kwenye saruji mpaka kivunjike, inawezekana. Kila kifundo cha yale mashina kina jicho, na kila jicho ni mmea. Jembe la kawaida hukatakata. Trekta dogo la kulimia bustani hukatakata na kusambaza sawasawa kwa umbali wa kupendeza. Usitupe kwenye mboji. Chumvi nayo usiniulize. Itaua udongo kabla ya kuua sangari.

Nailoni ya kuchoma udongo kwa jua ninaishuku. Vitabu vinaisifu, na huko chini kwenye joto sawa, lakini kwenye baridi ya Nakuru na mawingu ya Julai mashina yaliyo chini kabisa hayasikii chochote. Na lile la duru mbili nimelisema kama fundi anayetaka ulale vizuri. Kuna viwanja ambako nimepiga tatu, na ukuta wa jirani upande wa pili umejaa sangari inayopita chini ya msingi, na sina jibu zaidi ya kuchimba mtaro kando ya ua na kuukagua kila msimu. Wanaouliza kuhusu saratani: mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka glaifoseti kwenye kundi la vitu vyenye uwezekano mkubwa wa kusababisha saratani, mamlaka ya mazingira ya Marekani haikubaliani. Mimi navaa gambuti, glavu na barakoa, sipigi kwenye upepo, na mbwa na watoto wanakaa ndani mpaka majani yakauke. Asiyetaka kabisa, namheshimu, fokojembe ninazo.

Jambo la kuchekesha ni kwamba Wamarekani wameziweka zote mbili, sangari na Kikuyu grass yetu tunayoipalilia kwa mapenzi, kwenye orodha ya serikali ya magugu hatari. California na Hawaii wanaiwinda Kikuyu kama sisi tunavyoiwinda sangari. Kikuyu ni mtoto wa nyanda za juu za Afrika Mashariki. Hapa iko nyumbani. Ndiyo maana ukiipa mbolea na maji na kuikata isizidi theluthi ya urefu kila mara, hufunga udongo vizuri.

Na mnapoenda kununua nyasi za kupanda, zile za magunia kando ya barabara, msilipe kwanza. Mwaga gunia moja chini, tikisa udongo utoke, angalia mizizi. Kikuyu ina mashina manene, laini, mengi yakitambaa juu. Ukiona uzi mweupe mgumu wenye ncha, rudisha gunia, hata kama muuzaji ameshakuita mkubwa mara kumi. Samadi na udongo wa lori, vivyo hivyo: panda juu ya lori, chimba katikati kwa mkono, usiangalie wa juu tu.