Buster Keaton Hakukimbizwa na Kamera Mbovu

Wiki iliyopita, baada ya kuonyesha One Week, filamu bubu ya mwaka 1920 ya mchekeshaji Buster Keaton, kijana mmoja alisimama na kuuliza swali ambalo nimekuwa nikilijibu kwa miaka mingi: "Mwalimu, kwa nini kamera za zamani ziliwafanya watu watembee kama wanaofukuzwa na nyuki?" Nilimjibu kwa ufupi kwa sababu ukumbi ulikuwa unafungwa, lakini nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu moyoni, si kwa kijana huyo, bali kwa lile jibu lililokwisha kujificha ndani ya swali lake, kwamba kamera zilikuwa mbovu. Hazikuwa mbovu hata kidogo.

Kamera ya studio ya mwaka 1920 ilipiga fremu safi, yaani picha moja moja, kwenye mkanda wa milimita 35, na kasi yake ilitoka kwenye mkono wa mpiga picha. Kwa kawaida, mzunguko mmoja wa mpini wa kamera ulipitisha fremu nane, hivyo mizunguko miwili kwa sekunde ilitoa fremu 16. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, kasi ilifungwa kwenye fremu 24 kwa sekunde, kwa kuwa sikio halivumilii mkono unaoyumba jinsi jicho linavyovumilia. Tangu hapo, filamu bubu zilizopigwa kwa fremu 18 zilipitishwa kwenye projekta za fremu 24 bila mtu kujali, na hatua alizotembea mwigizaji kwa sekunde nne zikaonekana zikimalizika kwa sekunde tatu. Huko kukimbiakimbia kulizaliwa ndani ya chumba cha projekta, miaka mingi baada ya filamu kupigwa.

Hayo ni rahisi kueleza. Kinachonikera zaidi ni kosa la pili, linalofanywa na watu waliokwisha kuarifiwa juu ya lile la kwanza. Wakishasikia habari ya fremu 16, huchukua kila filamu bubu na kuishusha hadi 16, kana kwamba namba hiyo iliandikwa katika sheria, kisha hujisifu kuwa wameirudishia filamu uhai wake. One Week ni filamu ya rili mbili, yaani magurudumu mawili ya mkanda, kila moja likiwa na takriban futi 1,000. Mkanda wa futi 2,000, wenye fremu 16 katika kila futi, huchukua zaidi ya dakika 33 ukipitishwa kwa fremu 16, na dakika 22 tu ukipitishwa kwa 24. Tofauti ya dakika 11 katika filamu fupi ya vichekesho inatosha kuua kila kicheko kilichomo. Keaton hupanda ngazi, huteleza na kuinuka kama mtu aliyezama majini, na mtazamaji hupata nafasi ya kuliona kila anguko kabla halijatokea.

Wapiga picha wa vichekesho walipunguza mizunguko kwa makusudi, ili tukio liende mbio kidogo kwenye pazia, na kumbi nyingi nazo ziliendesha projekta kwa kasi kuliko kamera ilivyozungushwa. Kuupuuza uamuzi huo ni kumnyang'anya mpiga picha kazi yake. Mpiga picha wa Keaton, Elgin Lessley, alisifika kwa mkono usioyumba. Katika The Playhouse ya mwaka 1921, Keaton anaonekana jukwaani akiwa watu tisa kwa pamoja. Lessley alifunika lenzi, akaacha ufa mmoja tu wazi, akapiga, akarudisha mkanda nyuma, akafungua ufa wa pili, akaendelea hivyo hadi mara ya tisa. Mkono wake ungeharakisha hata kidogo katika mara ya sita, Keaton wa sita angecheza ngoma yake peke yake. Mtu wa namna hiyo alijua vizuri anapunguza mzunguko kwa sababu gani.

Tazameni mwisho wa One Week. Nyumba ya maharusi wa filamu hiyo, iliyojengwa kombo kwa sababu mpinzani wa bwana harusi alibadilisha namba za masanduku yenye vipande vyake, imenasa kwenye reli, na treni inakuja. Mume na mke wanafumba macho. Treni inapita kwenye njia ya pembeni bila kuigusa nyumba, wanashusha pumzi, na papo hapo treni nyingine inatokea upande wa pili na kuisambaratisha nyumba yote. Kichekesho kizima kinakaa katika ile pumzi moja. Kwa fremu 24 haijatimia. Kwa 16 imerefuka mno, nasi tumeanza kuitazama reli na kujiuliza kama kuna treni ya pili.

Basi, kasi iliyo sahihi ni ipi? Vitabu hupenda kutoa namba moja, nami nasema wazi kwamba namba hiyo haipo. Ninapotayarisha nakala, huanza na vitu visivyoweza kuigiza: maji yanayomwagika, vumbi linalotua, kofia inayoanguka. Katika tukio la bafu, bibi harusi anaangusha sabuni nje ya beseni, anatutazama, na kiganja cha mtu kinaziba lenzi ili aweze kuiokota bila kuonekana. Sabuni ile huniambia kasi ya asili ya tukio lile tu. Dhoruba inayoizungusha nyumba kama pia na kuwatupa wageni nje hudai kasi nyingine, na nikiitumia ile ya sabuni, upepo unakufa. Kwa miaka kadhaa niliionyesha filamu yote kwa fremu 20, nikiamini kuwa natenda haki. Sasa naionyesha kwa 22, na sabuni inaanguka kwa haraka kidogo kuliko ninavyopenda, lakini maharusi wanashusha pumzi zao na treni ya pili inawakuta bado hawajamaliza.