Kalenda Tupu Si Ndege Iliyojaa

Nimechoka kuambiwa "ndege zimejaa" na mtu anayeangalia tarehe ambayo hakuna hata kiti kimoja kilichowekwa sokoni. Safari hii ni mzee mmoja wa hapa Malindi, binti yake yuko Napoli na anataka kuwaleta wajukuu. Kafungua simu, kasogeza kalenda miezi na miezi mbele, kakuta tarehe zimepauka hazina bei, basi kesi imekwisha: Waitaliano wamevinunua viti vyote. Nikamwambia, mzee wangu, ndege hiyo haijajaa. Haijazaliwa.

Naandika ili mwingine akija mezani kwangu kukata tiketi nimtumie kiungo hiki, nami nimalize chai yangu ingali moto.

Ndege duniani zina misimu miwili tu, na haijui masika wala vuli, kusi wala kaskazi. Ratiba ya kiangazi huanza Jumapili ya mwisho ya Machi, ya baridi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa mwaka 2026 ni Machi 29 na Oktoba 25. Ndizo siku hizohizo Ulaya hubadilisha saa zao. Sisi saa zetu hatuzigusi, kwa hiyo tofauti yetu na Milano ni saa mbili wakati wao wa baridi na saa moja wakati wao wa joto. Wakiingia wakati wao wa joto, ndege inayoondoka kwao saa ileile ya ukutani hutua Mombasa saa nzima mapema, halafu mtu ananipigia kulalamika kwamba tiketi "imebadilishwa kisirisiri".

Kabla ya kila msimu kuna mkutano wa kugawana nafasi za kutua: Novemba kwa ajili ya kiangazi kinachofuata, Juni kwa ajili ya baridi. Viwanja vilivyobanwa kama Heathrow na Gatwick vya London na Malpensa cha Milano havikuruhusu kushuka saa uitakayo kwa kuwa una ndege. Unaomba. Ukiitumia nafasi kwa angalau asilimia 80, msimu kama huo mwakani ni yako tena. Ukizembea anapewa mwingine. Malindi hatubanwi na hilo. Njia yetu ya kurukia haifiki kilomita moja na nusu, ndiyo maana Mtaliana anashukia Mombasa na kuja kwa gari.

Sasa tufike penyewe. Shirika kubwa linalounganisha abiria kutoka ndege moja hadi nyingine hufungua tiketi karibu mwaka mzima mbele, na kila kukicha siku moja inaongezeka mwishoni. Watu wamezoea hivyo, wakadhani ndege zote ni hivyo. Mashirika ya bei nafuu hutoa ratiba kwa mafungu. easyJet hutangaza fungu jipya litatoka lini na linafika hadi tarehe gani. Ryanair inaweza kuiweka njia hii leo na ile ikaiacha kwanza. Si uchoyo. Faida yao inatokana na ndege isiyolala chini, na ndege ina magurudumu: kiwanja kikipandisha ada, au njia ikidorora, ndege hiyohiyo inahamishiwa mji mwingine. Ukishauza tiketi za mwaka mzima umejifunga miguu. Shirika la bei nafuu halina abiria wa kuunganisha wanaolilazimisha kuwahi, basi liwahi ya nini?

Huku kwetu ni hivyohivyo kwa udogo wake. Ndege za aina ya Dash 8-400 ambazo Jambojet hutumia zina viti 78. Shirika dogo kama hilo likipangiwa ndege moja kwenda matengenezo makubwa, hesabu inagusa Malindi, Lamu na Ukunda kwa pamoja. Mpangaji wa ratiba anataka kwanza ajue atakuwa na ndege ngapi.

Basi isome kalenda kama mtu mzima. Usiitazame tarehe unayoitaka; sogeza hadi uione tarehe ya mwisho yenye bei. Ikiwa ni Jumamosi inayotangulia Jumapili ya mwisho ya Oktoba au ya Machi, na kuanzia Jumapili hiyo ni weupe mtupu, umegonga ukuta wa msimu. Ratiba haijatoka. Kisha jaribu njia nyingine ya shirika lilelile. Nairobi–Mombasa nayo ikikatika siku hiyohiyo, hapo hapana shaka. Lakini Mombasa ikiwa na bei na Malindi hakuna, hilo ni jambo jingine: njia yenyewe wanaipima, au wanapunguza safari za wiki. Ndege iliyojaa haionekani hivyo. Iliyojaa ni tarehe moja au mbili zilizozibwa, jirani zake kushoto na kulia zina bei, tena bei kali.

Kuhusu binti wa Napoli: Napoli–Malpensa na Malpensa–Mombasa ni tiketi mbili za makampuni mawili yasiyojuana. Akate ndefu kwanza, tena aache siku nzima katikati. Sheria ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inasema ndege ikifutwa na ukaarifiwa zaidi ya majuma mawili kabla, fidia huna. Utachagua nauli yako au ndege nyingine. Ile tiketi ya kampuni ya pili, hasara yake ni yako.

Halafu kuna imani inayonichoma zaidi: kwamba siku ya kufungua ndiyo siku ya bei ya chini, na ukiamka alfajiri umeshinda. Viti vya ndege moja vimegawanywa kwa madaraja ya nauli, na la chini kabisa huwa na viti vichache. Kwa Krismasi, daraja hilo mpangaji anaweza asilifungue kabisa, maana anajua mtakuja tu. Kwa Mei, hoteli za hapa zikiwa zimefunga na mvua inamwagika, bei huweza kushuka muda mrefu baada ya kufunguliwa. Kwa Desemba na Agosti nasema wahi; kwa Mei nasema subiri. Kwa Februari, wallahi, nabahatisha kama wewe, ila mimi nabahatisha nikiwa nyuma ya meza.

Maulidi ya Lamu ndiyo yanayonipa raha, maana hapo hata wapangaji huteleza. Mwezi wa Kiislamu hurudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka, na kompyuta inayopanga bei kwa kutazama mauzo ya mwaka jana itaona umati wa kwenda Msikiti wa Riyadha, yanakofanyika Maulidi hayo, katika wiki isiyo yake. Mara nyingine nauli ya Manda, kisiwa chenye kiwanja cha ndege cha Lamu, huwa ya chini wiki ileile ambayo Lamu hakuna pa kulaza ubavu, mpaka mtu wa makao makuu ashtuke. Kwa hiyo anayeniuliza Maulidi ya mwakani akate lini, namwambia aulizie kwanza tarehe kwa wenyewe Lamu, kisha tutazame kalenda ya ndege imefika wapi. Na nauli ya boti ya kuvuka kutoka Manda aiweke mfukoni kando. Hiyo haimo kwenye tiketi.